Turudishieni Neno "Madoadoa"

Barua ya wazi kwa makamishna wa Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, kwa Msajili wa Vyama vya Siasa, kwa viongozi wa vyama vilivyo serikalini na vilivyo upinzani, na kwa wahariri wa redio zinazosikika Bonde la Ufa

Waheshimiwa,

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Nafundisha Gredi ya 7 katika shule moja ya umma upande wa Molo, Kaunti ya Nakuru. Muhula uliopita tulifika kwenye maneno yanayojirudia: polepole, sawasawa, vivi hivi, madoadoa. Nikaandika ubaoni: "Kanga ana madoadoa meupe." Ni mfano wa kawaida, hata mimi nilifundishwa kwa mfano huo huo.

Mtu akacheka kwenye dawati la nyuma. Akafuata wa pili. Kisha vichwa kama kumi vikageuka kwa pamoja kumtazama mvulana mmoja wa safu ya tatu. Hakuna aliyesema neno. Mvulana mwenyewe hakuinua uso. Aliweka tu kiganja juu ya jalada la daftari lake, pale palipoandikwa jina.

Nilichukua kifutio nikafuta sentensi ile, nikaandika nyingine ya mtoto na mpira, somo likaendelea. Tangu siku hiyo najilaumu kwa kuchukua kifutio, na hiyo ndiyo sababu ya kuwaandikia.

Watoto wale wana miaka 12 na 13. Januari 2008 hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amezaliwa. Hawajawahi kuona nyumba ya jirani ikiungua. Mvulana yule alizaliwa papa hapa, kitovu chake kimezikwa hapa, ila wazazi wake walihamia kutoka kaunti nyingine na jina lake la pili linaonyesha hivyo. Nani aliwaambia wenzake kwamba yeye ndiye doa? Silabasi haina somo hilo, na mimi sikuwafundisha. Wameliokota nyumbani, na nyumbani lilifika kutoka kwenye majukwaa yenu na redio zenu.

Niruhusuni nilieleze neno hili kama ninavyolieleza darasani. Doa ni alama iliyoingia mahali, tuseme la mafuta kwenye shati. Ukilirudia neno, maana inatawanyika: madoadoa ni alama nyingi ndogondogo zilizosambaa. Waswahili wamelitumia zaidi kwa uzuri. Chui ana madoadoa, yai la kwale lina madoadoa, kanga ana madoadoa, na leso tunazojifunga tunaziita kanga kwa sababu, kama wazee wa Pwani wanavyosimulia, za kwanza zilifanana na manyoya ya ndege huyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, vyama vingi viliporudi, siasa za Bonde la Ufa zikalichukua neno hili zikalipa kazi nyingine. Madoadoa wakawa watu wanaoishi katikati ya wanaojiita wenyeji na wanaodhaniwa watapigia kura chama kingine. Na doa, kila mama anajua, hufuliwa likatoka.

Tazameni jinsi lilivyoundwa. Halitaji kabila lolote, na ndiyo maana limedumu. Anayelitamka jukwaani ana mlango wa kutokea: akiulizwa atasema alimaanisha wagombea wa vyama pinzani, ni siasa tu, vyombo vya habari vimemnukuu vibaya. Huku chini kila mtu ameshaelewa na ameshajua ni boma gani linalosemwa. Neno lina maana mbili, moja ya mahakamani na moja ya kijijini.

Mnakumbuka Januari 2022, Eldoret. Seneta mmoja alilitamka neno hili mbele ya umati, katika mji ambao ulikuwa umezika watu wake kwa sababu ya lugha hiyo hiyo. Alikamatwa kesho yake na akafikishwa mahakamani. Kabla mwaka huo haujaisha alikuwa waziri. Simsemi yeye kama mtu, sijui moyo wake. Nawasema ninyi mliotoa somo hilo kwa nchi nzima, maana wanasiasa chipukizi wa wadi zetu walilisoma vizuri na wakalihifadhi.

Mwaka 1992 nilikuwa darasa la pili. Jioni moja jirani yetu alikuja kwa mlango wa jikoni, mama ambaye tulikuwa tunachota maji kwenye tangi lake wakati wa kiangazi. Hakuketi. Alimwambia mama yangu, "Dada, leo lala na watoto kanisani." Mama hakuuliza kwa nini. Alichukua godoro moja, blanketi mbili na jiko la makaa, akatutanguliza gizani. Asubuhi tuliporudi, ghala la mahindi lilikuwa jivu na bati za nyumba zilikuwa zimejikunja kama majani makavu. Tangi la yule jirani lilikuwa limetobolewa. Kwa kutuonya alikuwa amepata jina lake pia: msaliti.

Miaka mingi baadaye nilimuuliza alijuaje. Akaniambia alikuwa ametoka mkutanoni. Hakusikia mpango wowote wa kuchoma nyumba, hakuna aliyetaja nyumba wala siku. Alisikia tu tulivyoitwa, akatazama nyuso za vijana waliokuwa wakipiga makofi, akaamua kupitia kwetu.

Sitasema familia yangu ilikuwa upande gani. Najua kuna msomaji ambaye tangu aya ya kwanza anatafuta dalili, ya tangi, ya kanisa, ya Molo yenyewe, ili aniweke kwenye kapu langu ndipo aamue kama nina haki ya kusema. Kenya ukijitaja kwa jina la kwanza unaulizwa, "Wa nani?" Swali hilo halitafuti baba yako. Linatafuta kura yako. Jina la pili na chama vimefungwa kamba moja, na aliyefunga fundo ni mwanasiasa. Ndiyo maana nimeliacha jina langu nje ya barua hii.

Ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 mnazijua kuliko mimi, ripoti mnazo ofisini. Tume ya Waki, iliyozichunguza ghasia hizo, ilihesabu waliouawa kuwa 1,133. Kuresoi, hapa jirani, watu walikuwa wameanza kuchomewa nyumba kabla hata ya siku ya kupiga kura. Januari 1, 2008 kanisa lilichomwa Kiambaa, karibu na Eldoret, kina mama na watoto wakiwa ndani. Januari 27, Naivasha, watu 19 walichomwa ndani ya nyumba moja, na waliofanya hivyo walisema wanalipiza. Wa Kiambaa walikuwa na jina walilobandikwa, wa Naivasha walikuwa na lao. Tangu utotoni nimesikia kila upande ukikariri matusi uliyotukanwa. Sijasikia bado upande unaokariri yale uliyoyatukana.

Nije kwa ya leo, maana msije mkadhani ninaandika historia.

Siku hizi maneno yaliyoshika nchi ni "wantam" na "tutam". Kwa msomaji wa Tanzania au Kongo nieleze: wantam ni anayetaka rais aondoke baada ya muhula mmoja, tutam ni anayetaka amalize miwili. Sina ugomvi na msimamo wowote kati ya hiyo. Katiba imempa mwananchi kura ili aamue hilo hilo, na Agosti 10, 2027 tutaamua. Shida ni kwamba maneno haya yameacha kuwa misimamo, yamekuwa aina za watu. Saa nne, wakati wa mapumziko, wavulana wangu wanagawana timu za mpira kwa majina hayo, na nimeona wanavyogawana: hawaulizani wanapenda nini, wanatazamana tu na kila mmoja anajua anakotarajiwa kusimama.

Watoto wamejifunza kwa wakubwa. Kwenye mkutano wa wazazi mwaka jana alisimama mama mmoja anayeuza viazi kando ya barabara ya Elburgon. Alikuwa amekunja karatasi ya daftari mkononi, swali lake ameliandika ili asilisahau. Akasoma polepole. Kwamba wazazi wanaambiwa serikali hutoa Sh15,042 kwa kila mwanafunzi wa Sekondari Msingi kwa mwaka, je, mwaka uliopita shule ilipokea ngapi kwa kila mtoto, na kama fedha hizo zipo, mchango wa maabara unaodaiwa sasa ni wa nini? Lilikuwa swali la heshima, lenye tarakimu, swali ambalo wanafunzi wangu wa insha wangepata alama zote kwa kulipanga hivyo.

Kwenye meza kuu alikuwepo kiongozi mmoja wa eneo letu, mgeni wa heshima. Hakumwachia mwalimu mkuu ajibu. Alivuta maikrofoni akasema, "Huyu mama tunamjua. Huyu ni wantam." Watu wakacheka, wengine wakapiga makofi. Yule mama alibaki amesimama kidogo, kama anayesubiri sehemu ya pili ya jibu. Haikuja. Akaikunja karatasi yake mara mbili, mara tatu, mpaka ikawa ndogo kama tembe ya dawa, akaketi.

Swali lile halijajibiwa mpaka leo. Watoto wangu wanasoma sayansi bila maabara, na hakuna mzazi mwingine aliyethubutu kuuliza. Wale waliocheka watoto wao pia hawana maabara. Nilikuwepo, nikanyamaza, na nalitaja hilo kwa sababu ukimya wetu walimu umewasaidia sana viongozi wa namna hii.

Upande wa pili nao haujanawa mikono. Sokoni kwetu kuna fundi cherehani aliyevaa fulana ya njano, rangi ya chama cha rais, siku ya ziara ya kiongozi wa serikali. Alikuwa amepewa bure, na fulana ni fulana. Wiki hiyo hiyo wanaharakati wa chama pinzani walimwita msaliti wa jamii, wakapita kibandani kwake na simu, wakampiga picha, ikazungushwa kwenye makundi ya WhatsApp. Januari ndio msimu wake wa sare za shule. Wateja wanne walikuja kuchukua vitambaa vyao kabla havijakatwa. Hakuna aliyemuuliza anafikiri nini kuhusu serikali. Ningependa kujua, kwa kuwa ni mtu mwenye akili na pengine mawazo yake yangemshangaza kila mtu pale sokoni.

Hilo ndilo ninalowaomba mlitazame, waheshimiwa. Tumezoea kulijadili suala hili kama suala la adabu, kwamba viongozi wapunguze ukali, watumie lugha ya staha. Mimi nasema ni suala la majibu. Kiongozi anayembandika mtu jina amepata njia ya kutojibu alichoulizwa. Ukiuliza kuhusu fedha wewe ni wantam, ukisifu barabara iliyojengwa wewe ni msaliti, ukiuliza shamba la umma liligawanywaje wewe ni mgeni, na mgeni haulizi mambo ya mwenye nyumba. Swali linageuzwa kuwa ushahidi wa kabila la muulizaji, na kwa vile kabila haliwezi kujibiwa, mkutano unafungwa kwa sala.

Vijana wa Juni 2024 waliliona hilo mapema kuliko sisi. Walijitambulisha kuwa hawana kabila, hawana chama, hawana kiongozi. Walikuja na kurasa za Mswada wa Fedha mikononi, kuhusu ushuru wa mkate na mafuta ya kupikia, na wengine waliutafsiri mswada kwa Kiswahili na kwa lugha za mama ili nyanya zao kijijini wauelewe. Mimi mwalimu wa lugha nilitokwa na machozi kuona tafsiri zile, hata zilizokuwa na makosa. Hawakuwa na jina la pili la kukamatiwa, basi wakatafutiwa majina mengine: wahuni, wahalifu, wahaini. Mswada ukaondolewa Juni 26, lakini majina yale hayakuondolewa, na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilihesabu vifo 60 katika maandamano ya mwaka huo.

Kuna majina ambayo mwanzoni niliyapenda, nakiri. "Hasla", yaani mtu wa kawaida anayehangaika kutafuta riziki, na "dainasti", yaani wa familia zilizorithishana mali na madaraka, yalipokuja kabla ya uchaguzi wa 2022, nilidhani tumepiga hatua, maana kwa mara ya kwanza mabishano ndani ya matatu yalihusu nani ana nini badala ya nani ametoka wapi. Nilisikia kondakta na abiria wa makabila tofauti wakikubaliana juu ya bei ya unga. Haikuchukua muda. Hasla likawa jina la mfuasi wa chama fulani hata awe na ghorofa tano, dainasti likawa tusi kwa yeyote wa upande wa pili hata awe anakodi chumba cha mabati. Neno lililotaka kufungua mjadala wa umaskini likaishia kuufunga.

Na maneno yakishachafuliwa hivyo hayarudi kirahisi. Nawapa mfano mmoja ninaoufundisha. "Jimbo" ni neno zuri la Kiswahili, na katiba tuliyoanza nayo uhuru mwaka 1963 ilikuwa ya majimbo, mfumo wa utawala ambao mtu angeweza kuupinga au kuutetea kwa hoja. Mwaka 1991 likapandishwa kwenye majukwaa ya Bonde la Ufa likiwa na maana ya kila mtu arudi kwao. Mwaka 2010 Wakenya walipokuwa tayari kugawa madaraka, ilibidi watafute maneno mapya, ugatuzi na kaunti, na naamini moja ya sababu ni kwamba lile la zamani lilikuwa linanuka moshi. Pwani nako neno "bara", ambalo ni upande tu wa nchi, lilitumika vivyo hivyo mwaka 1997 Likoni, ambako zaidi ya watu 100 waliuawa katika mashambulizi yaliyowalenga wabara.

Sasa kwenu, makamishna. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa mnayo tangu 2008. Kifungu cha 13 kinasema matamshi ya chuki adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi milioni moja, au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Katiba kwenye Kifungu cha 33 imesema wazi kwamba uhuru wa kujieleza haufiki kwenye uchochezi wala matamshi ya chuki. Nguvu mnayo, na Aprili 2022 mlitoa orodha ya maneno ya kuepukwa. Niliichapisha nikaibandika ndani ya mlango wa kabati langu la ofisini. Madoadoa limo. Kwekwe limo. Mende limo, na mkono ulinitetemeka nilipolisoma, kwa kuwa mende kwa Kinyarwanda ni inyenzi, na kila mtu wa kanda hii anajua redio ya RTLM ya Rwanda ililifanyia nini neno hilo mwaka 1994.

Lakini kwenye orodha hiyo hiyo mliweka "hatupangwingwi", msemo wa vijana wa mtaani kwamba hawapangiwi mambo. Hapo ndipo nilipoona tatizo la orodha. Tunawinda maneno, na maneno hayaishi. Likipigwa marufuku madoadoa, litakuja jingine kesho asubuhi, na tayari yapo: "watu wa kule", "jamii fulani", "wale wageni wetu". Kuna hata wanaotumia kimya, anataja makabila manne na kuliruka la tano huku akitabasamu. Mkilifukuza neno bila kumfuata mtu, mnamsaidia kuwa mbunifu. Na neno lenyewe, lisilo na kosa, ndilo linalobaki gerezani. Mimi siwezi tena kulifundisha.

Mfuateni mtu. Kesi mlizonazo zisikizwe zikaisha kabla ya kura kupigwa, kwa sababu kesi ikivuka uchaguzi mshtakiwa anarudi na bendera kwenye gari na mashahidi wanasahau. Nanyi viongozi wa vyama, kabla ya kesi yoyote ninyi ndio mnaoshika tiketi. Katiba yenyewe, Kifungu cha 91, imekataza chama kuhubiri chuki kwa misingi ya kabila. Mgombea wenu akimbandika mwananchi jina badala ya kumjibu, mkiwa mmeketi nyuma yake jukwaani, inukeni hapo hapo mkachukue maikrofoni. Msingoje taarifa ya jioni kwa vyombo vya habari iliyoandikwa na wakili. Umati ule haukusoma taarifa, ulisikia neno na ukaona ninyi mkicheka. Ukiona kinara wa chama amesimama akasema, "Hapana, kwetu hatuongei hivyo, mjibu mama swali lake," nakuhakikishia habari hiyo itafika kijijini kabla ya msafara.

Msajili wa Vyama, vyama hivi vinapokea fedha za umma kupitia ofisi yako. Ndani ya fedha hizo imo kodi ya yule mama wa viazi.

Wahariri, nawasikiliza kila asubuhi nikienda shuleni, na wengi wenu mnafanya kazi nzuri kwa mshahara mdogo. Ninaomba jambo moja tu kwenye vipindi vya kupiga simu. Msikilizaji akianza na "hao watu", mtangazaji amuulize: "Watu gani, na wamefanya nini?" Nimesikia mtangazaji mmoja akifanya hivyo mara moja. Mpigaji simu alikohoa, akafikiri, kisha akasema kwamba kusema kweli hasira yake ni ya bei ya mbolea. Wakazungumza kuhusu mbolea dakika saba.

Najua jibu ambalo wengi wenu mnalo mdomoni: huu ni utani tu, Wakenya tunataniana, hawa wanapenda pesa, wale wanapenda sifa, wapwani wavivu, na tunaishi. Utani ninaujua. Kwa majirani zetu Tanzania utani wa makabila ni taasisi kamili, Mnyamwezi na Mzaramo wanaweza kuambiana maneno ambayo mwingine yeyote angepigwa kwayo. Lakini mtani ana wajibu. Ukifiwa, mtani wako anakuja msibani, anashika kazi, anachekesha wafiwa, anahakikisha umekula. Leseni ya kukutania ameilipia kwa kukuzika. Anayekuita doa hajafika msibani kwako hata siku moja. Tena utani hufanywa ana kwa ana na anayetaniwa ana haki ya kurudisha. Yule mvulana wa safu ya tatu alikuwa mmoja, na vichwa vilivyogeuka vilikuwa kumi.

Yule jirani wa tangi bado yu hai. Amezeeka, haoni vizuri, na tangi lake jipya nimemsaidia kulinunua mimi na ndugu zangu. Nilimsomea rasimu ya barua hii. Alitaka niongeze jambo moja, kwamba mwaka 1992 waliopiga makofi mkutanoni hawakuwa watu wabaya, wengine walikuwa vijana aliowapokea yeye mwenyewe walipozaliwa, kwa kuwa alikuwa mkunga. Aliniambia niwaandikie hilo ninyi mnaoshika maikrofoni, mjue ni nani mnaowasemesha.

Muhula unafunguliwa Jumatatu. Nimerudi kwenye somo la maneno yanayojirudia, nimelipanga siku ya Jumatano, kipindi cha pili. Nitaandika ubaoni kwa herufi kubwa, "Kanga ana madoadoa meupe," na safari hii kifutio nitakiacha ofisini. Kisha nitasimama kando nihesabu ni vichwa vingapi vitageuka.

Mwalimu wa Kiswahili,
Molo